Mali bila daftari: vipimo vya dijitali kwenye kasikisi ya wamama wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni wafadhili kwenye mkutano mkuu wa chama. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya gazeti letu.)

 

Tumeombwa kusema juu ya jambo moja tu. Wafadhili wetu wanauliza kama pesa ya mwaka huu inaweza kununua vyombo vya dijitali vya kufuatilia pombe wakati inachacha, vile vinavyoelea ndani ya pipa na kutuma habari kwenye simu. Vijana wanasema ndiyo, tena upesi. Wamama wengine wanauliza: hicho chombo kinakuja kutusaidia ao kutupeleleza? Sisi tunaofanya kazi kwenye tereni tumeona maswali yote mawili yana haki. Njo maana tunayajibu pamoja.

Kwanza tukumbuke kasikisi ni nini kwetu. Mwaka 2005 safari za kurudi kwa meli zilianza, toka Kigoma mpaka Baraka. Mtu aliyeshuka pale na mafurushi yake hakukuta duka wala ng'ombe wakimngojea. Kama shamba la baba yake lilikuwa bado liko, alikuta migomba. Kwa mama asiye na mtaji, mgomba njo benki ya kwanza. Ndizi zinaiva shimoni, zinakamuliwa na majani, maji yanaongezwa, unga wa mtama uliokaangwa unaingia, na kisha siku moja mpaka tatu kuna kitu cha kuuza. Hapo kunatoka minerval ya watoto, chumvi, sabuni, na sehemu ya kurudisha mkopo wa kikundi kila juma.

Kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 ikigeuka siki, iliyoharibika siyo pombe peke yake. Mkopo unachelewa, na wenzake katika kikundi wanambebea mzigo. Na ndizi zenyewe siyo rahisi kama zamani. Mnyauko wa migomba ulionekana Kivu ya Kaskazini mwaka 2001, na toka wakati ule umekausha mashamba mengi katika nchi zetu za Maziwa Makuu. Mkungu unaoharibika leo unauma kuliko mkungu wa wakati wa babu zetu.

Sasa tuone vyombo vyenyewe, juu watu wengi wanavisikia tu.

Wakati ndizi zimekamuliwa, maji yake yana sukari nyingi. Maji yenye sukari ni mazito kuliko maji ya kisima. Chachu inakula ile sukari, inatoa kilevi na hewa ya kaboni, ile inayofanya povu. Kila sukari inavyopungua, pombe inakuwa nyepesi. Ukijua uzito wa mwanzo na uzito wa sasa, unajua chachu imefika wapi.

Kuna chombo cha kioo kinachopima hivyo, kinaitwa densimeta. Kinaelea ndani ya pombe na kina namba kwenye shingo. Katika maji safi kinasoma 1.000. Katika maji matamu kinapanda, kinaweza kusoma 1.050 ao 1.080. Siyo kitu kipya. Uingereza, mwaka 1784, mpika bia John Richardson alitoa kitabu kizima juu ya kupima bia kwa chombo cha namna hiyo. Kule Ufaransa, mwaka 1876, Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia, akionyesha jinsi vijidudu vya namna nyingine vinavyoingia na kuiharibu. Kwa hiyo kupima pombe siyo mambo ya simu wala ya jana.

Vyombo vya dijitali vinafanya kazi ile ile kwa njia nyingine. Kiko kinachoitwa Tilt, cha Marekani. Kiko kingine, iSpindel, kilichoanzia Ujerumani, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu anayejua kuunganisha vifaa. Vyote viwili ni kama kichupa kirefu kinachoelea ndani ya pombe. Pombe ikiwa tamu na nzito, kichupa kinalala upande. Sukari ikipungua, kinaanza kusimama. Kifaa kidogo ndani yake kinapima jinsi kilivyoinama, kinapima na joto, kisha kinatuma namba. Mwenyewe hafungui pipa. Anatazama simu tu.

Ni kazi nzuri. Tusiwacheke waliovitengeneza. Lakini tuulize walivitengeneza kwa pombe gani. Mtu wa Ulaya ao Marekani anayepika bia nyumbani anaiacha wiki moja, mbili, ndani ya chombo kilichofungwa, pahali pa baridi, karibu digrii 20. Hataki kufungua, juu kila kufungua kunaleta hatari ya vijidudu. Na hawezi kuweka kwenye chupa mpaka awe hakika kwamba chachu imemaliza, maana chupa inaweza kupasuka. Kwa mtu huyo, kichupa kinachotuma habari kila mara bila kufungua kinamfaa sana.

Kasikisi yetu haiendi hivyo. Inachacha kwa joto la huku ziwani, inakwenda mbio, na inanyweka ingali inafanya kazi. Mteja wetu hataki pombe iliyomaliza. Anaitaka katikati, bado ina utamu kidogo na ukali kidogo. Swali la mama wa kasikisi siyo "imemaliza lini?" Swali lake ni "saa gani iko tayari kwa soko, na baada ya hapo nina saa ngapi kabla ya siki?" Kwa pombe ya siku mbili, kupima asubuhi na jioni kunatosha. Mkono na kikombe vinafanya kazi hiyo.

Tena kuna magumu matatu ya kila siku. La kwanza, unga wa mtama na povu zito vinagandama kwenye kichupa, kinapoteza usawa wake, na namba zinadanganya. La pili, Tilt yenyewe haiweki kumbukumbu. Inarusha tu habari kwa Bluetooth, na lazima simu ao kompyuta iwe karibu kuipokea. Sasa simu ya nani italala na pombe? Katika nyumba yenye simu moja, ile simu inakwenda na baba, ao inakwenda kwenye chaji kwa mwenye sola, na chaji inalipwa. La tatu ni bei. Tilt moja inapita dola 100. Kwa mkopo wa kikundi chetu, hiyo ni pesa ya kuanzisha mtu kazi.

Je, tuseme basi vipimo havina maana? Hapana. Tunasema tuanze na vile vinavyoingia katika mikono yetu. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa kasikisi neno hilo ni kweli kabisa, na tunataka kulionyesha kwa hesabu.

Tuchukue mfano. Wamama watatu wamekamua ndizi pamoja, wamepata lita 10 za maji mazito ya ndizi. Densimeta inasoma 1.080. Wanataka kuanza na pombe ya 1.050, ile wateja wao wanayoizoea. Chukua zile namba mbili za mwisho: 80 mara lita 10 ni 800. Gawa kwa 50, unapata 16. Maana yake pombe yote itakuwa lita 16, kwa hiyo wanaongeza lita 6 za maji safi, basi. Juma lingine ndizi hazikuiva vizuri, densimeta inasoma 1.065. 65 mara 10 ni 650, gawa kwa 50 ni 13. Safari hii wanaongeza lita 3 tu. Kama wangeongeza 6 kama juma lililopita, pombe ingekuwa nyepesi, na mteja angesema, "Huyu mama ameanza kutuuzia maji." Namba zinamlinda jina lake.

Namba hizo hizo zinaonyesha nguvu ya pombe. Toa uzito wa sasa katika uzito wa mwanzo, kisha zidisha kwa 131. Ilianza 1.050, leo inasoma 1.020. Tofauti ni 0.030. Mara 131, tunapata karibu 4 kwa mia ya kilevi. Ikifika 1.010, inapita 5 kwa mia. Anayeuza anajua anachouza, na anayekunywa anaweza kuambiwa ukweli.

Tunajua kati yetu kuna ndugu ambao kanisa lao halikubali pombe, na wameuliza kwa nini chama kigawe vyombo vya namna hii. Tunawaheshimu. Jibu letu ni kwamba kasikisi inapikwa leo, na kesho itapikwa, chombo kiwepo ao kisiwepo. Afadhali inayouzwa iwe na nguvu inayojulikana. Na kipimajoto hakichagui dini: kinapima maziwa ya mtindi pia, na densimeta inapima utamu wa juisi isiyo na kilevi.

Kwa wale watakaopima, haya njo mambo ya kushika. Usitie densimeta ndani ya bidoni. Ni kioo, ikivunjika humo pombe yote inamwagwa. Chota kidogo, chuja kwa kitambaa safi ili unga usibaki, tikisa ili hewa itoke, mimina kwenye kichupa kirefu, kisha pima. Zungusha densimeta kidogo kwa vidole, juu vijipovu vikiishika vinaiinua na unasoma namba isiyo yake. Ulichochota usikirudishe. Densimeta nyingi zimetengenezwa kwa digrii 20. Huku kwetu pombe inaweza kuwa na digrii 30, na hapo namba inasomeka chini kidogo, kama 2 ao 3 za mwisho. Ukisoma 1.048 kwa digrii 30, andika 1.050.

Kipimajoto cha dijitali chenye waya njo chombo cha dijitali tunachokipenda kuliko vyote. Ni cha bei ndogo, betri yake inadumu, hakihitaji intaneti. Kinaonyesha kitu ambacho mkono juu ya bidoni hauonyeshi vizuri: pombe inayochacha inatoa joto lake yenyewe, inakuwa moto kuliko hewa ya nyumba. Ikipita digrii 35, chachu inaanza kuteseka na ladha inaharibika. Hapo unaisogeza bidoni kwenye kivuli, unaifunga kitambaa chenye maji. Lakini vile vipimajoto vya kioo vyenye zebaki vibaki zahanati. Visikaribie kitu cha kunywa.

Iko na mashine nyingine ndogo, refraktometa ya dijitali. Unadondosha tone moja, inasoma sukari. Kwa maji ya ndizi yasiyoanza kuchacha ni nzuri sana. Lakini kilevi kikishaingia, mwanga unapita kwa njia nyingine na namba inakuwa ya uongo. Kijana akiwaletea hiyo, mwulizeni: tunapima mbele ao nyuma ya kuchacha?

Na tuseme wazi vitu ambavyo hakuna hata kimoja katika vyombo hivi kinavyoviona. Havioni uchafu wa maji. Havijui kutofautisha kilevi cha kawaida na methanoli, ile sumu inayopofusha macho na kuua. Kwa hiyo mtu asichukue namba ya densimeta akasema lutuku yake ni salama. Chombo hakikusema hivyo. Tena havitakuambia kwamba nyumba imejaa hewa ya kaboni. Hewa hiyo ni nzito, inakaa chini, pale watoto wanapolala. Bidoni zinazochacha zisilale chumba kimoja na watoto, dirisha liwe wazi, na kifuniko kisikazwe, maana bidoni iliyofungwa inavimba mpaka inapasuka.

Tunarudi sasa kwa lile swali la wamama, kama chombo kinakuja kupeleleza. Ni swali la maana kuliko bei. Chombo kinachotuma namba kwenye simu kinaweza kuzituma kwa simu ya mtu mwingine. Leo ni kijana wa kikundi. Kesho inaweza kuwa kamati ya mikopo, inayotaka kujua mama fulani amepika bidoni ngapi kabla ya kumkubalia mkopo. Kesho kutwa mtu wa kodi. Sisi tuliorudi tumeandikwa kwenye karatasi nyingi katika maisha yetu: karatasi ya kambi, ya posho, ya safari. Tumejifunza kuuliza karatasi inakwenda wapi. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: namba za pipa ni za mwenye pipa. Anayetaka kuzisoma amwombe yeye, na akikataa, asinyimwe kitu kwa sababu hiyo. Ripoti kwa wafadhili ionyeshe wamama wangapi wamejifunza kupima, isitaje bidoni ya mtu. Wafadhili wetu, tunawaomba mlikubali hilo bila kinyongo.

Njo sababu nyingine tunapenda daftari. Daftari linakaa nyumbani kwa mwenyewe. Tumechora ukurasa wenye safu tano: siku na saa, joto, uzito, maji yaliyoongezwa, na safu ya mwisho tumeiita "Neno la mama". Humo anaandika alichokisikia kwa pua, sikio na ulimi: inanuka ndizi bado, inaimba, povu limeshuka, imeanza kukaza ulimi. Asiyejua kuandika, mtoto anayesoma anamwandikia, ao anachora alama yake. Safu hiyo siyo ya kujaza karatasi. Bibi anayeweka sikio kwenye bidoni na kusema "kesho saa sita" anapima na yeye. Shida ni kwamba kipimo chake kinazeeka naye, na binti aliyekulia kambini labda hakupata miaka ya kukaa karibu naye. Siku namba 1.022 itakapoandikwa mara nyingi kando ya neno "iko tayari", binti ataanza kuelewa sikio la bibi linasikia nini. Na siku namba na pua vitakapokosana, tufuate pua kwanza, kisha tutafute namba ilipotea wapi.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne mbele ya mkutano.

Moja: kila kikundi cha kasikisi kipate kipimajoto kimoja cha dijitali, densimeta mbili, juu moja itavunjika, kichupa kirefu cha kupimia, na madaftari. Mweka vyombo achaguliwe na kikundi chenyewe.

Mbili: chama kinunue kichupa kimoja tu cha kuelea, cha mafunzo, kikae kwenye ofisi yetu. Vijana wanaopenda elektroniki wakijaribu katika pombe iliyochujwa, walinganishe namba zake na densimeta, watuletee majibu mkutano ujao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukiona mwenyeji amepona, tutaita wageni wengine.

Tatu: kanuni ya kwamba namba ni za mwenye pipa iandikwe ndani ya kitabu cha kanuni za chama, pamoja na sahihi.

Nne: pesa inayobaki iende kwenye matangi ya kutunzia maji safi na bidoni mpya za chakula. Bidoni zilizowahi kubeba mafuta ya gari ao dawa ya shamba ziondoke kabisa. Hakuna namba itakayosafisha bidoni ya namna hiyo.

Wageni wetu wafadhili, tunajua picha ya simu yenye mchoro unaopanda na kushuka inapendeza katika ripoti kuliko picha ya daftari lenye doa la ndizi. Tunawaomba mtume lile daftari. Na ninyi wamama, msikubali wala kukataa kwa sababu sisi tumesema. Vyombo viko pale kwenye meza, na bidoni tatu ziko nje, zilianza jana jioni. Kabla ya kupiga kura, nendeni mkasikie wenyewe, muandike neno lenu, kisha mpime.